Neno Lisilowekewa Harage

Lyon, 14 Januari 2002

Baba Mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama Mkubwa Rosette, pamoja na goti lake ambalo nasikia siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Mama yangu mwambie koti alilonitumia limefika na linanitosha. Asiulize tena kama nakula. Nakula.

Sasa nikueleze lililonifanya nichukue kalamu. Unajua nafanya kazi kwa watu wanaotengeneza michezo ya video. Huu wetu ni wa mpira wa miguu: mtu anakaa mbele ya televisheni, anaongoza wachezaji kwa vidole, na ndani ya mashine kuna mtangazaji anayesimulia mechi. Mtangazaji huyo ndiye kazi yangu. Tulimwita mtu wa redio, tukamrekodi siku kumi na moja, sentensi elfu tatu. Mpira ukigonga mwamba, mashine inaokota sentensi moja kati ya zile za mwamba na kuitoa. Elfu tatu, Baba Mkubwa! Na bado watu tunaowaita kuujaribu mchezo wanafanya jambo lilelile: baada ya nusu saa wanazima sauti. Wanasema tumewawekea kasuku.

Mkuu wangu amenipa hadi mwisho wa Juni. Nikishindwa, mtangazaji ataondolewa, zibaki kelele za mashabiki tu, nami nitaondoka pamoja naye. Na mkataba huu ndio unaoshikilia karatasi zangu za kuishi hapa. Hilo Mama asilijue.

Wewe ulitangaza mpira redioni kwa Kiswahili miaka kumi na tisa. Nilipokuwa mdogo, Jumapili mtaa mzima ulikusikiliza, hata wanawake waliosema mpira ni upuuzi. Hakuna aliyekuzima. Ulifanyaje? Na kwa nini uliacha? Hukuwahi kutuambia.

Mwanao,
Benite


Ngagara, Quartier 5, 20 Februari 2002

Binti yangu Benite,

Barua yako imesafiri wiki mbili, na kwa nyakati hizi hiyo ni mbio. Rosette anakushukuru kwa kulisalimu goti lake; amesema wengine humsalimu yeye wakalisahau. Mama yako anaendelea kuuza vitenge vyake kule soko la Asiatique. Juma lililopita milio ya risasi ilisikika upande wa milimani siku mbili, soko likafungwa. Siku ya tatu likafunguliwa, na nyanya zilikuwa zimepanda bei kana kwamba ndizo zilizopigana.

Mimi ni mwalimu, na mwalimu hajibu swali kabla ya kwenda kuliangalia. Jirani na meza ya mama yako kuna duka la Azzan, anayeuza redio na kanda. Chumba cha nyuma ameweka televisheni mbili na mashine za michezo kama huo wako, na mchana makarani na madereva wa teksi hulipa kucheza. Niliketi pale dakika arobaini na daftari langu. Mtangazaji alisema kwa Kifaransa, "Nafasi nzuri kabisa!" mara kumi na saba, tatu kati ya hizo zikifuatana. Ilipofika ya nane, chumba kizima kilikuwa kinaitamka pamoja naye, kama waumini wanavyomwitikia padri.

"Hii mutu iko na maneno tano tu," alisema Léonce, karani wa posta, "na anapokea mushahara ya kila mwezi!"

"Kama we!" akajibiwa.

Kisha Léonce akapunguza sauti ya televisheni hadi ikanyamaza, akanigeukia. "Mzee Cirimwami, tangaza we."

Nilimwambia koo langu limezeeka.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye somo. Hukunieleza mashine inachaguaje sentensi, lakini nadhani inarusha kete. Kete haikumbuki. Ikitoa sita leo, haijui kama ilitoa sita jana, basi itatoa sita tena bila aibu. Mkiirekodi hata sentensi elfu kumi, itazirusha vilevile. Msikilizaji hahesabu maneno, Benite. Anapima kama anayesema anakumbuka. Katika mechi ya Léonce mchezaji mmoja alikosa goli mara tatu, na mara ya tatu mashine ikashangaa kana kwamba imemwona kwa mara ya kwanza. Mtu mwenye akili angesema, "Ya tatu hii!" Maneno mawili tu, na hakuna ambaye angezima sauti.

Nami nilikuwa na ugonjwa huo. Kila mtangazaji ana vipenzi vyake, maneno yanayomtoka mdomoni kabla hajayaita. Dawa yangu ilikuwa hii. Niliweka mezani karatasi yenye vyumba kumi, na katika kila chumba nikaandika kipenzi kimoja. Juu ya kila kimoja niliweka harage. Nikilisema neno, harage lake naliondoa na kulitia mfukoni. Harage likishaondoka, neno limelala, haliamki hadi Jumapili nyingine. Mechi ilipofika dakika ya sitini karatasi ilikuwa tupu, na hapo ndipo nilipoanza kutangaza vizuri, kwa sababu nililazimika kusema kile jicho linachokiona.

Nisisahau kunyamaza. Mashine yenu hainyamazi. Mpira ukiwa hauendi popote, mtu mzima hunyamaza.

Lile swali lako la mwisho tuliache, karatasi imekwisha.

Baba Mkubwa wako,
Cirimwami


Lyon, 25 Machi 2002

Baba Mkubwa,

Salamu kwenu nyote, na kwa Léonce wa posta ambaye sasa nampenda bila kumjua. Huku miti inaanza kuchanua. Nimehamia chumba chenye dirisha.

Maharage yako yamefika kazini! Kila sentensi katika mashine sasa ina harage lake, ikishasemwa, inalala. Na katika maandishi ya programu tumeliita hivyohivyo, "harage", kwa Kiswahili. Ungewasikia Wafaransa wanavyolitamka. Pia tumeifundisha mashine kukumbuka mechi: nani amekosa, dakika ngapi, mara ya ngapi. Wale wa majaribio sasa wanafika saa moja na nusu kabla ya kuzima. Lakini mkuu anataka watu wacheze jioni nzima bila kuzima, na bado hatujafika.

Tatizo lililobaki ni majina. Jina la mchezaji hutajwa mara mia, na hulichoki jina la mtu ila linapotamkwa na mashine. Ndipo nikakukumbuka tena. Wewe hukusema jina tupu. Ulisema "mtoto wa Buyenzi", "kijana wa Kamenge", na sisi tukapiga kelele. Faili letu lina mahali alipozaliwa kila mchezaji. Tumekwisha kurekodi miji na mitaa mia mbili: kijana wa huku, mtoto wa kule. Tuliijaribu wiki iliyopita, watu wakafurahi sana. Ni wazo lako, nimewaambia wote.

Jambo moja. Uliandika kwamba karatasi imekwisha, lakini ukurasa wa nyuma ulikuwa na nusu tupu.

Mwanao,
Benite


Ngagara, 2 Mei 2002

Benite,

Sote ni wazima.

Ondoa hiyo mitaa. Mtangazaji wako asimwite mtu yeyote kwa alikotoka. Tafuta kitu kingine. Mengine yote uliyoyafanya ni mazuri.

Cirimwami


Lyon, 18 Mei 2002

Baba Mkubwa,

Nakusalimu, na Mama Mkubwa, na Mama. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko mistari iliyomo.

Tangu nijue kusoma hujawahi kuniambia jambo bila sababu yake. Ulipotukataza kula maembe mabichi ulituchorea tumbo la mtu ubaoni, na mishale. Leo unaniambia "ondoa" kama askari wa kizuizi cha barabarani.

Siwezi kwenda kwa mkuu wangu na kumwambia Baba Mkubwa amekataa. Zimebaki wiki sita. Mitaa hiyo ndiyo kitu pekee kilichowafanya watu wacheke na kuendelea kucheza. Huku mtaa ni mtaa tu. Mtu akisikia wa kwao umetajwa anafurahi. Kama una sababu, nipe. Kama huna, nitaiacha ilivyo, na unisamehe.

Najua nimekujibu kwa ukali. Nimeandika barua hii mara tatu na kila mara imekuwa kali.

Benite


Ngagara, Quartier 5, 5 Juni 2002

Binti yangu,

Hukukosea kunikaripia. Rosette amesoma barua yako, akaniwekea karatasi mezani, nyingi, akasema, "Leo hazitakwisha." Tuko salama. Mama yako alikuwa na malaria kidogo, amepona, jana alikuwa Asiatique akibishana na mteja kwa nguvu zake zote.

Ulikuwa umeondoka kwenda masomoni mwaka ule wa 1995. Jumapili moja ya Februari nilitangaza mechi ya kirafiki. Upande wa kushoto alicheza Jovithe, umri wake miaka ishirini, mguu kama mjeledi. Nyumbani kwao ni Kamenge, nami tangu siku ya kwanza nilimwita "Jovithe, kijana wa Kamenge". Lilikuwa linaimba vizuri mdomoni. Karatasi yangu yenye vyumba kumi ilikuwa mezani siku hiyo, maharage yote mahali pake. Neno hilo halikuwamo. Sikuliwekea harage kwa sababu sikujua kama ni kipenzi changu. Nilidhani ni sehemu ya jina lake.

Wewe unajua mji wetu, lakini ule mwaka wa vita hukuwapo. Mtaa ulikuwa umeacha kuwa anwani. Ukitaja mtaa wa mtu, umekwisha kumtaja kabila, na rafiki zake, na upande anaolala. Wachezaji walirudi makwao kwa hesabu: wanabadili shati, wanapita wawili wawili, wanasema wanatoka sokoni. Njiani kulikuwa na vizuizi vya vijana wa upande mwingine, wa Ngagara kwetu wakiwamo. Na vijana wale, Benite, walikuwa na redio. Walipenda mpira kama watu wengine.

Siku hiyo Jovithe alifunga magoli mawili. Walipomsimamisha njiani walimpongeza kwanza, kwa jina. Kisha wakamuuliza kama ndiye yule wa Kamenge.

Walimvunja mguu wa kushoto kwa chuma, ule niliokuwa nausifu saa moja kabla. Gari la maji likapita, dereva akamrusha ndani, na kwa hiyo yu hai. Familia yake ilihamia Ruziba.

Jumatatu niliiomba kanda ya mechi, nikajifungia chumbani na maharage yangu. Kila nilipojisikia nikisema "kijana wa Kamenge" niliweka harage moja mezani. Yalifika tisa. Jumanne nilirudisha ufunguo wa chumba cha matangazo, nikasingizia koo. Hakuna aliyenilaumu. Mtu asiyelaumiwa hana mahali pa kujieleza, basi nikanyamaza miaka saba. Nimepita barabara ya Ruziba mara nyingi, na kila mara niliangalia upande wa milimani, nisimwone.

Sasa umepata sababu, na hii hapa ni mishale yake. Uliniambia sikujirudia. Nilijirudia, hamkusikia kwa sababu mlilipenda neno lenyewe, nami sikusikia kwa sababu lilikuwa langu. Kasuku anaweza kuwa na maneno elfu tatu na akabaki kasuku. Anachokosa ni sikio la kusikia anachokisema.

Huenda huko Lyon neno hilo halidhuru. Sijui. Katika mji wetu pia halikuwa likidhuru, hadi asubuhi moja likaanza, na mdomo wangu ulikuwa wa mwisho kupata habari. Mkataba ni wako na karatasi ni zako, kwa hiyo sikuamrishi tena. Ila kama unatafuta cha kuweka mahali pa mitaa, jaribu hiki: mwite mchezaji kwa alichokifanya leo. "Yule aliyeteleza dakika ya kumi." "Yule aliyeuokoa mpira mstarini." Hicho amekifanya mbele ya macho ya wote, hakuna anayeweza kumshtaki nacho nje ya uwanja, na kila mechi kinazaliwa kipya. Hakitarudiwa kamwe, maana hakuna mechi mbili zinazofanana.

Kwa mkuu wako, mwambie lolote utakalo kati ya haya.

Baba Mkubwa wako,
Cirimwami


Lyon, 3 Julai 2002

Baba Mkubwa wangu,

Salamu kwako, na kwa Mama Mkubwa aliyeleta karatasi. Joto la huku ni la kwetu kabisa, watu wanalalamika, mimi nafurahi.

Barua yako niliisoma nikiwa ngazini. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wangu, nikamweleza yote, na majina, na chuma. Akasema, "Una siku kumi na moja." Tukaitoa mitaa mia mbili. Tukamrudisha yule mtu wa redio tukamrekodi vipande: yule aliyeteleza, yule aliyekosa, yule aliyeuokoa, na dakika zote moja hadi tisini. Mashine inaviunganisha kwa kile ilichokiona.

Majaribio ya mwisho yalikuwa Ijumaa. Watu kumi na wawili, tangu saa nane mchana hadi saa mbili usiku. Hakuna aliyezima. Mmoja alianza hata kugombana na mtangazaji. Alikuwa amekosa goli dakika ya kumi, na mashine ikamkumbusha mara moja, kisha ikalilaza harage. Alipofunga dakika ya sabini na moja alisimama juu ya kiti akaipigia televisheni kelele: "Haya, sema sasa!" Ikasema: "Yule aliyekosa dakika ya kumi, amelipa." Chumba kizima kilipasuka kwa vicheko. Mkuu wangu alikuwa mlangoni.

Mkataba mpya ni wa miaka miwili. Sasa unaweza kumwambia Mama yote.

Umeniandikia kwamba Jovithe yu hai, yuko Ruziba. Umekwenda kumsalimu? Nakuuliza kwa ukali uleule wa Mei.

Mwanao,
Benite


Ngagara, Quartier 5, 26 Agosti 2002

Binti yangu Benite,

Mama yako nilimwambia. Alikukasirikia kwa kumficha, akanikasirikia mimi kwa kukutunzia siri, hali hiyo ikadumu siku nne. Ya tano alinunua kuku wawili na kuwaeleza majirani kwamba binti yake anafundisha mashine kuongea. Rosette anakupongeza. Goti limetulia, hakuna mvua.

Nilikwenda. Ruziba ni dakika chache tu kwa basi, na ilinichukua miaka saba. Nilimkuta Jovithe kando ya uwanja wa mchanga karibu na ziwa, ameketi, anashona wavu wa goli. Anatembea kwa fimbo. Anafundisha timu ya wavuvi na wakulima wa pale.

"Mzee wa radio," alisema, kana kwamba tulionana wiki iliyopita. "Umekuja kwa mguu?"

"Tangu barabarani."

"Basi ikaa. Hapa mwenye mguu mubaya ni mi."

Nilimwambia niliyokwenda kumwambia. Hakuacha kushona. Nilipofika kwenye kanda na maharage, nikasema, "Mara tisa, Jovithe. Nilihesabu."

"Apana. Kumi." Alikata uzi kwa meno. "Ya kumi ulisema wakati tunatoka uwanjani, kanda yenu ilikuwa imeisha. Mama alihesabu. Alikuwa anapenda sana vile, alikuwa anaita majirani." Akatunga uzi mwingine sindanoni. "Mi nilikuwa naogopa kila mara. Nilitaka kukuambia, Mzee, sema tu jina. Lakini nani anaweza kumufundisha mutu wa radio kuongea?"

Nilimshikia ncha ya wavu ili amalize.

"Jumapili tuko na mechi," alisema. "Hatuna mutangazaji. Kuja."

"Koo langu limezeeka."

"Koo! Umeongea hapa saa muzima, haijakatika!"

Basi Jumapili nilikwenda na karatasi yangu. Safari hii niliichora vyumba kumi na kimoja. Katika cha kumi na moja niliandika "kijana wa", nikaacha mahali pa mtaa patupu, na juu yake nikaweka harage. Nilikusudia likae pale hadi mwisho wa mechi bila kuguswa, nilione.

Jovithe alikuja mezani, akaisoma karatasi yote polepole. Kisha akachukua kipaza sauti kabla yangu.

"Mutangazaji wetu wa leo," alitangaza, "ni Mzee Cirimwami, kijana wa Ngagara!"

Nawe unajua Ngagara ni jina gani masikioni mwa watu wa pale: ni mtaa wa wale wa vizuizi. Uwanja ulinyamaza. Watu wawili watatu waligeuka kuniangalia, usoni, kisha viatuni. Benite, nimefundisha watoto kupima muda miaka thelathini, na sikuwahi kujua ukimya wa namna ile una urefu gani. Nadhani alitaka niujue. Halafu mama yake, aliyekuwa ameketi mkekani mstari wa mbele, akapaza sauti: "Kijana gani, na mvi zote zile!" Watu wakaangua kicheko, na mechi ikaanza.

Nilitangaza dakika tisini. Nilimtaja yule aliyeteleza, na yule aliyepiga mpira ukaangukia mtumbwini, na yule aliyekwenda kuufuata akarudi na samaki. Dakika ya hamsini karatasi ilikuwa tupu na koo lilikuwa zima.

Harage la kumi na moja halikuwamo mfukoni mwangu. Jovithe alipomaliza kunitambulisha alilichukua juu ya karatasi, akalitia mfukoni mwake mwenyewe, ndipo akanipa kipaza sauti. Tumeonana Jumapili mbili tangu siku hiyo. Hajalirudisha, nami sijaliomba.

Baba Mkubwa wako,
Cirimwami